Roboti Aliyeheshimu Wakubwa

Sasa nacheka, lakini wiki ile nzima nilikuwa na hasira, na mpaka leo nikimwona Chang-gyu natamani kumrushia mwiko.

Tak Yong-pal ni fundi wa boila, mitambo ya kupashia nyumba joto, hapa Daegu. Ana miaka arobaini na minane na upole unaokera. Tangu mkewe afariki, simu yake hailii mpaka boila ya mtu igome. Akitoka kazini anapita kibandani kwangu, anakula tteokbokki, vile vitonge vya unga wa mchele vyenye pilipili, amesimama, halafu anakwenda kwake kuwasha kompyuta acheze mchezo wa vita mtandaoni. Humo ndani ya mchezo ndimo tulimokuwa sisi wengine, watu wa makamo wenye mapanga na ngao, tunalinda ngome kwenye seva ambayo vijana walishaihama zamani. Tulipigana kidogo na kupiga domo sana. Yong-pal hakuwa na baraza jingine.

Basi mganga wa kundi letu akapata mjukuu, akatuaga. Bila mganga ukichomwa upanga ndiyo umekwisha. Watu wakaanza kusema kwamba tukinyang'anywa ngome kwenye pambano la Jumapili, kila mtu ashike njia yake.

"Dada Geum-sun," Yong-pal akaniambia, chakula kinampoa mkononi, "wakiondoka nitaongea na nani?"

"Na boila," nikamjibu. Roho iliniuma.

Akaenda kuunda roboti, mganga anayejiendesha mwenyewe humo mchezoni, akamwita Bibi Dawa. Ukiandika "naumwa" kwenye gumzo anakuja mbio kukutibu. Ukiandika "rudi" anarudi. Siku ya majaribio tu, ugomvi.

"Yaani mimi wa miaka sitini na moja nangoja, katoto ka hamsini kanatibiwa?" Huyo ni Chang-gyu, muuza miwani, anayependa heshima kuliko wali. "Huyo bibi kalelewa na nani?"

Yong-pal akaomba radhi kwa niaba ya roboti, kisha akamtia adabu. Kila mtu aandike mwaka aliozaliwa, naye Bibi Dawa amtibu mkubwa kwanza, amtii mkubwa kwanza, na amwinamie kabla ya kumgusa. Tukasifu sana. Kesho yake kundi zima likazeeka. Chang-gyu akafika sabini na mbili. Mimi ninayeficha umri hata kwa daktari nikajiandika sitini na tisa, na sijuti. Yong-pal peke yake aliandika umri wake wa kweli, kwa hiyo akawa mdogo wa wote.

Jumapili mchana likaja kundi la mji wa Pohang kuiteka ngome. Tuliwazuia vizuri. Bibi Dawa anainama, anatibu, anainama, anatibu, na mkuu wao, Mzee Ok, kinyozi mstaafu, akabaki peke yake upande wa pili wa daraja, hoi. Tulikuwa tumeshaanza kujipongeza. Mzee akaandika kwenye gumzo la wote:

"Nipisheni, watoto nyie. Mimi nimezaliwa mwaka arobaini na sita."

Mwaka huo ulitupita sote, na hakuna aliyemfundisha Bibi Dawa kubagua adui. Akaniacha nimelala chini navuja damu. Akavuka daraja taratibu, akamwinamia Mzee Ok mpaka chini, akamtibu. Kisha akasimama nyuma yake.

"Rudi," aliandika Yong-pal. Bibi hakugeuka. Angemsikilizaje mdogo wa wote?

Nikampigia simu. "Jiandike una miaka tisini, haraka."

"Siwezi, Dada. Yule bibi ananiamini."

"Ni kompyuta, mjinga wewe."

"Hata hivyo," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia, nikashindwa kumtukana zaidi. Ngome ikaenda.

Gumzo likapoa. Watu wakaanza kuagana. Mara Mzee Ok akaandika: "Nina watoto watatu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniinamia namna ile. Nakuja huko Daegu tule makchang, utumbo wa kuchoma. Mkubwa ndiye anayelipa. Upande wenu mkubwa nani, tusaidiane?"

Chang-gyu akarudi sitini na moja papo hapo. Mimi nikawa hamsini na tatu mbele ya watu wote, aibu niliyoikwepa kwa miaka mingi.

Alipokuja, Mzee akalipa peke yake. Tulikaa kwa umri, wa kweli safari hii, na Yong-pal akawekwa mwisho karibu na mlango, ageuze nyama kwenye moto. Kijiko hakikuinuliwa mpaka Mzee ainue chake. Alipokiinua akachukua kipande cha kwanza, akakipitisha mkono kwa mkono hadi kwenye bakuli la Yong-pal, na Chang-gyu ilibidi akipokee na kukipitisha hivyo hivyo, anameza mate.

Kundi halikuvunjika moja kwa moja, wala sitasema lilipona. Wengine hawakurudi. Lakini juzi Yong-pal alikuwa kibandani kwangu na simu yake ikalia. Akafuta mikono haraka, akaanza kutafuta spana mfukoni.

"Ndiyo, Mzee Ok. Boila imeharibika?"

Mzee anaongea kwa sauti kubwa, nilimsikia mpaka nilipo.

"Boila ni nzima. Njoo tule."