Kitabu cha Mchana

Mama mkwe wangu hakujua kusoma, lakini kupanga vitabu alijua. Kwake vilikuwa vya aina mbili tu: vya mchana na vya usiku. Vya mchana ni vya kweli. Vya usiku ni hadithi, na hadithi haisimuliwi jua likiwaka, maana ng'ombe watapotea. Sisi ng'ombe wetu alikuwa mmoja, amefungwa nyuma ya nyumba, kwa hivyo angepotea huyo tungekuwa tumepoteza ng'ombe wote.

Nilikuwa bibi arusi mgeni pale Njoro, nimetoka kabila lingine, basi mimi na yeye tulisemezana Kiswahili, kila mtu na makosa yake. Mume wangu alikuwa Nakuru kwenye kinu cha unga, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Vitabu nilikuja navyo mwenyewe ndani ya sanduku la bati. Shida ilikuwa mafuta ya taa. Tukishakula tu, mama alipuliza koroboi, na kitabu chochote cha usiku kikawa kimezimwa nayo.

Kwa hivyo kila kitabu kilihukumiwa, na rufani haikuwako. Biblia, mchana. Maisha ya mmishonari mmoja, mchana, ingawa alisema mzungu huyo anajisifu mno. Cha ufugaji wa kuku nilidhani kitapita bila maswali. Nilipofika mahali kuku wanapojengewa nyumba yenye madirisha ya waya, mama akaitazama nyumba yetu isiyo na dirisha hata moja, akasema, "Hiyo ni ya usiku."

Halafu mke wa mchungaji akaniazima riwaya. Nilikuwa naisoma huku nachambua maharagwe, mama akaniuliza inahusu nini. Sikutaka kumdanganya, wala sikutaka kunyang'anywa.

"Ni habari za mama mmoja," nikasema. "Mtoto wake alienda mbali kutafuta kazi, hakurudi."

Akaketi. Mwanawe wa kwanza alikwenda vita vya Burma. Wenzake walirudi, yeye hakurudi, na hakuja mtu yeyote kusema amekufa. Pale nyumbani hatukuthubutu kumtaja.

"Soma," akasema.

Tangu siku hiyo, akishakamua, ananiita. Yule mama wa kitabuni alipouza shamba, mama mkwe alimgombeza vibaya, eti mtoto akirudi atalala wapi. Alitaka kujua jambo moja tu, kama kijana atarudi, na bado nilipotaka kuchungulia ukurasa wa mwisho alinichapa mkono. Mume wangu alipokuja akatukuta tunasoma, na tulipoketi kula mchana akacheka.

"Lakini mama, si hiyo ni hadithi tu?"

"Ng'ombe amepotea?"

"Hapana."

"Basi ni ya kweli. Kula."

Mimi nikainamia ugali wangu.

Tulifika mwisho asubuhi moja ya baridi, nikichambua maharagwe tena. Kijana alirudi. Alisimama mlangoni na mzigo wake, na mama yake akamjua kwa kikohozi kabla ya kumwona uso. Nilisoma haraka kwa furaha, nikainua macho nikidhani nitamkuta mama anacheka. Alikuwa anamtazama ng'ombe, ambaye alikuwa pale pale, anacheua.

"Kumbe ni ya usiku," akasema.

Roho iliniuma, nikatamani panya wangekuwa wameula ule ukurasa. Nikaanza kusema pole, akanikatiza kwa mkono. Aliinuka, akaitoa koroboi ndani, akaitikisa karibu na sikio asikie kama kuna kitu kimebaki, kisha akashika njia ya kwa jirani kuomba mafuta.

"Maliza hayo maharagwe," akasema bila kugeuka. "Leo usiku utaanza kule mwanzo. Na ukifika pale anaporudi, soma polepole."