Machiku Ndani ya Mchele

Nyumba niliyofanyia kazi Columbia, huku Marekani, ilikuwa na milango mitatu, na yote ilikuwa inasema. Nikifungua hata ule wa nyuma kwenda kutupa taka, simu ya mwenye nyumba inalia huko kazini kwake, naye ananipigia papo hapo.

"Dada, kuna nini?"

"Taka, kaka."

"Ah, sawa."

Alikuwa mtu wa adabu, hakuwahi kunifokea. Lakini nililala chumba kinachopakana na cha mama yake, nikala jikoni kwake, na wiki ziliweza kupita sijakanyaga barabara. Dirishani niliona majirani wakitembeza mbwa wao, nikawaonea wivu mbwa.

Kazi yangu ilikuwa kumtunza huyo mama yake, Mhindi wa Tanga, mjane, ambaye Kiswahili chake cha pwani kilikuwa kimenyooka kuliko changu cha Kigoma. Nilimwita Bibi. Majira yale alikuwa amegoma kula. Kijiko kikikaribia, anageukia ukuta. Daktari alimpima asione ugonjwa, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana juu ya gauni.

Nami nilikuwa na jambo langu. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaposwa. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, nikaacha shule nikalea wadogo zangu, na hata kuja huku Marekani tulikuja pamoja kama vifaranga. Sasa wakwe walikuwa wanakuja na mshenga wao Springfield, nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume, siku ya Jumamosi. Posa hupokewa na mzazi. Mzazi wa wale watoto ni mimi. Nikaomba ruhusa ya siku hiyo moja.

"Mama akianza kula, nenda, nitatafuta mtu wa kukaa naye," alisema yule kaka. "Lakini akiwa katika hali hii siwezi kumwachia mgeni."

Basi nikaketi kitandani kwa Bibi nikamuuliza roho yake inataka nini.

"Chiku," alisema.

"Chiku ndiyo nini?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia sijui chumvi. "Weye Mtanzania gani?"

"Wa Kigoma, Bibi. Kwetu kuna mawese na migebuka."

"Maskini. Ndiyo maana umekonda."

Akanieleza: tunda la mviringo, ganda la kahawia lenye kukwaruza kidogo, ndani tamu kama sukari guru. Mama yake alikuwa na mti wake uani. Nilitafuta picha kwenye simu, akaigusa kwa kidole, na kidole kikabaki pale.

Nikamtumia mdogo wangu wa kiume ile picha. Alizunguka Wheaton duka kwa duka mpaka mama mmoja muuza matunda, mtu wa El Salvador, alipoiona akacheka, akamwonyesha sanduku kando ya mapapai. Mdogo wangu alinipokeza mfuko mlangoni, maana wageni hawakuruhusiwa kuingia.

"Dada, nimekuletea viazi," alisema. "Kama si viazi, basi ni mayai ya kobe."

Nami nikafanya kosa la mtu wa Kigoma. Nilidhani tunda likishauzwa limeiva. Nilikata moja saa ileile, gumu kama peasi, likatoa utomvu mweupe kisuni, nikaona ndivyo lilivyo. Nikampa Bibi kipande, nami nikatafuna changu. Ukakasi ule sijauona popote. Ulimi ulikauka, midomo ikashikana kama imepakwa gundi. Bibi alitema kwenye leso, akajipangusa, na badala ya kukasirika akaanza kucheka hadi akakohoa.

"Umenilisha mpira wa gari!"

Akadai aletewe mengine. Alikwangua ganda la kila moja kwa ukucha. Yaliyotoa rangi ya kijani chini ya ganda aliyasukuma kando, yamechumwa mapema mno. Yaliyokuwa ya kahawia aliniagiza niyafukie ndani ya ndoo ya mchele na kuifunika. Hapo nilijifunza kwamba chiku halilazimishwi. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, nami nilikuwa nikipita jikoni naingiza mkono mcheleni, nabonyeza.

"Unayafukua kama maiti uliyemzika kimakosa," Bibi alisema kutoka kitini kwake. "Yaache!"

Alhamisi mchele ulitoa harufu nzuri. Nilipopasua moja, nyama yake ilikuwa ya kahawia, laini, yenye chembechembe, na ladha ya sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Nilisimama pale na kijiko nikasahau kwamba nimefungiwa. Bibi alikula mawili. Halafu akaomba uji. Jioni akaomba chapati na dengu, akalalamika kwamba dengu haina chumvi.

Mwanawe aliporudi akamkuta mama yake anatafuna, alisimama mlangoni na koti lake, macho yamelowa. Kisha akaniita kando.

"Dada, tusiharibu. Anakula kwa mkono wako. Ukiondoka keshokutwa, akigoma tena?"

"Ulisema akila niende."

"Najua nilisema. Subiri mwezi ujao."

Asipokula, siendi. Akila, siendi. Niliosha vyombo vya usiku ule mara mbili.

Jumamosi mdogo wangu wa kiume alishika simu mbele ya wageni Springfield. Nikamwona mshenga, mzee wa Kikongo mwenye tai pana, anainama kuitazama kamera.

"Pardon, mama," alisema. "Mahari siongei na telefone. Telefone itanipa mke?"

Watu wakacheka. Nilikuwa nafungua kinywa niwaambie waendelee tu, kaka yao apokee, ndipo uso wa bibi harusi ukaingia kwenye kioo.

"Hatuendelei bila wewe, Da. Wapewe wali, wale, warudi zao. Waje Jumamosi ijayo."

Wakala kweli, wakarudi zao.

Jioni ile nilimkuta mwenye nyumba sebuleni na mama yake. Sikuomba, nilimwarifu.

"Jumamosi ijayo asubuhi mdogo wangu anakuja kunichukua."

"Na Mama?"

"Mama anakula."

"Na nani atanimenyea?" Bibi aliuliza.

"Mwanao, Bibi."

"Huyu? Huyu hata ndizi anamenyewa!"

Kaka alitazama mlango, akanitazama mimi. "Utarudi saa ngapi?"

"Posa ikiisha."

Akakunja mikono ya shati, akanawa, nikamwekea chiku na kisu. Akalikata ovyo, akainua kipande kuelekea mdomoni mwa mama yake.

"Kokwa!" Bibi alipiga ukelele. "Ina kidoana nchani, itanikwama kooni. Unataka kuniua kabla ya Jumamosi?"

Alirudisha kipande kwenye sahani akaanza kuichokoa ile kokwa nyeusi, taratibu, kichwa ameinamisha. Sikumsaidia.