Diski Iliyokula Nyuso

Shangazi yangu anapiga picha za vitambulisho. Wateja wanamwita Bi Usicheke, maana ukikaa tu kwenye kigoda chake hilo ndilo neno la kwanza, na ukicheka anakurudisha nyuma ya foleni, uwe nani uwe. Ana shuka jeupe ukutani, taa mbili, na kompyuta kuukuu ambayo mimi ningeshaitupa jalalani. Yeye hataki hata kusikia. Humo ndani kuna kila uso aliowahi kuupiga picha, hajafuta hata mmoja. Wa kwanza kabisa ni wa binti yake, alikaa kigodani siku studio inafunguliwa. Mwaka huohuo akafariki. Nakala nyingine hakuna.

Diski ilipoanza kugonga ndani kama mtu kafungiwa, fundi akaja, akapuliza vumbi, akasema tusinunue kitu kwanza. Kompyuta ya zamani ina kipimo chake, lazima atafute namba ya bodi, ule ubao mkuu wa ndani, ajue inamudu diski kubwa kiasi gani. Shangazi akashindwa kusubiri, kule kugonga kulimkosesha usingizi. Akaenda kwa muuza spea. Yule akamwambia kubwa ndiyo nzuri, akamfungia ya gigabaiti mia tano na kumhamishia picha zote. Diski ya zamani ikafia palepale mezani. Tukashukuru Mungu, tukasahau.

Kazi ikaenda vizuri muda mrefu tu. Halafu akaja mama mmoja kutaka picha ya marehemu dada yake. Shangazi akaichapa. Juu macho ni ya dada, hayana ubishi. Kuanzia puani kushuka, ndevu za kinyozi aliyepigwa picha juzi. Yule mama aliidondosha karatasi akatoka bila viatu. Kesho yake mtaa mzima unasema Bi Usicheke anawavalisha wafu midomo ya walio hai. Mmoja aliniambia hivyo usoni, nikamkunja shati mpaka vifungo vikaruka.

Fundi akarudi, akafungua, akasoma bodi. Akaisoma tena mara ya pili, nikataka kumpiga na yeye.

"Hii inahesabu mpaka gigabaiti mia thelathini na saba basi," akasema. "Ikifika hapo haisemi imejaa. Inarudi mwanzo, inaandika juu ya waliotangulia."

Nikasimama niende kwa muuza spea nikamvunjie kabati lake la vioo. Shangazi akanishika shati, hata hakunitazama.

"Mwanzo upi?" akamuuliza fundi.

"Mwanzo kabisa, mama."

Fundi akaichomoa diski, akaisomea kwenye kompyuta yake mpya. Binti akatokea. Paji la uso lake, nyusi zake, macho yaleyale ya ukoo wetu. Chini ya pua kulikuwa na mdomo wa mwashi aliyepigwa picha kabla ya yule kinyozi, umetulia pale kama ulizaliwa naye. Fundi akajaribu kila alichojua, mwisho akasema kilichoandikwa juu yake hakirudi. Akaahidi kuleta diski ndogo, ya kipimo cha bodi. Shangazi akaitikia tu, hakulia. Alivuta kiti karibu, akaitazama ile picha mpaka fundi akaaga, na mimi nilikuwa bado nasubiri alie.

Mwashi akaja kuchukua picha zake. Nikampa, anageuka kuondoka, shangazi akamwambia, "Kaa kidogo, mwanangu. Sema chochote."

Jamaa akanitazama mimi. Nikainua mabega. Akakaa kigodani, akaanza kueleza saruji ilivyo mbaya siku hizi, kuta zinapasuka hata hazijapigwa rangi. Shangazi akawasha taa zote mbili. Akanyoosha kiganja mbele yake, akaziba macho ya yule mtu, ukabaki mdomo peke yake unatembea.

Mwashi akanyamaza.

"Endelea," shangazi akamwambia, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sisi wengine hatujawahi kuisikia. "Endelea, mama yako anakusikiliza."