Siku Mume Wangu Alipoinuka Kunitunza

Katika kikundi chetu cha uimbaji cha akina mama wa Ipuli, mtunzi wa nyimbo ni mimi. Nimewasema sana waume za wenzangu, na wenzangu wawili wamepata nguvu kwa maneno yangu, wakafungasha vyao na kuondoka. Mimi nikabaki na wangu. Ananunua asali vijijini, na kila Alhamisi analala Usoke, kwa mwanamke ambaye sasa amezaa naye mtoto. Nguo za kitoto nilizikuta kwenye begi lake, mpya, bado zimekunjwa.

Kumwambia ana kwa ana nilishindwa. Mara tatu nilifungua mdomo, mara tatu nikaishia kumuuliza kama chumvi imetosha. Naona haya hata kuandika. Basi nikatunga wimbo nikiwa nafua. Nilijua nikiuimba mbele ya watu, naye akiwemo, mambo yatakuwa yameshasemwa na sitaweza tena kurudi nyuma.

Funguo ziko mezani, sitaki kuzichukua,
Mashati yako bombani, sitaki tena kufua,
Naondoka hadharani, kila mtu atajua.

Jumamosi moja kikundi tulialikwa kuimba harusini, na mume wangu akaja ukumbini kunisubiri. Nikauimba. Akina mama wote walijua namsema nani; shoga yangu mpiga ngoma alikuwa analia huku anapiga. Nikamkazia macho mume wangu. Leo ndiyo leo, nikajiambia.

Akainuka. Kwetu sisi, anayeinuka kumtunza mwimbaji kwa pesa anatangaza kwamba wimbo unamsemea yeye. Kwa wimbo wa namna ile huinuka mwanamke aliyechoka, na mwanamume mwenye akili hujifanya anaangalia simu. Wangu alikuja akicheza mabega, akanibandika noti kwenye paji la uso, akanishika kiuno. Vigelegele vikapigwa ukumbi mzima. Waliokuwa wananihurumia wakaona tumepatana. Na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu. Ningefanyaje, na watu wote wale wananitazama?

"Mama watoto, leo umeimba," aliniambia tulipofika nyumbani. "Wimbo mkali ule! Huyo mwanamume uliyemwimba ana kazi kweli."

Hakuwa ananikejeli. Nilimtazama vizuri usoni, nikitafuta hata chembe ya aibu, sikuiona.  Nilikaa kitandani na vazi langu la shughuli nikashindwa hata kulivua.

Alhamisi iliyofuata alikuwa anafunga madumu ya asali kwenye pikipiki huku anauimba wimbo wangu, kwa furaha kabisa. Katikati akakwama.

"Hivi baada ya pale kwenye bomba, unaendeleaje?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, helmeti yake mkononi. Nikamwimbia mstari uliobaki, polepole, ili aushike. Akaurudia mara mbili, akavaa helmeti, akawasha pikipiki, akaenda zake Usoke.