Mzinga Nilioupita Majini

Enzi zetu sisi tuliozaliwa kandokando ya Tana, mboga zilihamia juu kabla ya watu. Mto ulipoacha rangi ya chai ya maziwa na kuingia rangi ya chungu kibichi, akina mama walipunguza maneno. Walitazama maji, wakatazama mawingu ya upande wa juu ambako wengi wao hawakuwahi kufika, kisha wakaanza kupandisha vitu: mbegu za mpunga darini, kuku juu ya uchaga, na watoto wadogo mahali popote palipobaki.

Kijiji chetu kilikuwa chini ya mji wa Garsen, upande wa kuelekea Kau. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na mtumbwi mzee uliotoboka tumbo. Watu wengine wangeufanya kuni. Yeye aliwaambia wanawe wauinue juu ya nguzo nne nyuma ya nyumba, akaujaza udongo mweusi wa mto na samadi aliyoipata kwa Waorma, wafugaji wa jirani, kwa kubadilishana na mahindi. Humo alipanda mchicha, bamia, nyanya ndogo chungu, na mboga moja iliyotambaa hadi chini kama mkia. "Mtumbwi huu umestaafu kuvua samaki," alikuwa akisema. "Sasa unavua mboga."

Majirani walimcheka. Kisha mashamba yalipolala chini ya maji wiki tatu, walikuja mmoja mmoja na vikapu. "Bibi, tuonee huruma, kimchicha kidogo tu." Naye aliwaambia, kisu mkononi, "Si mlicheka? Haya, chekeni tena kidogo ndipo nikate." Nao walicheka, wakapewa.

Karibu na mtumbwi huo baba alitundika mzinga mmoja wa nyuki. Alikuwa na mizinga sita, aliyoichonga mwenyewe kutoka magogo, na kila mmoja ulikuwa na alama yake kwenye kifuniko: mistari miwili na nukta. Mitano mingine ilining'inia kwenye miti ya kando ya mto. Bibi aliamini kwamba boga lisilotembelewa na nyuki ni ua lililopotea njia, na alitufundisha kupita pale bila kukimbia wala kupiga kelele. Mpaka leo nikisikia nyuki, miguu yangu yenyewe inakwenda polepole.

Siku zetu ziligawanyika baina ya shule na ndege. Asubuhi tulikwenda shule ya kuta za udongo, tukaimba majedwali mpaka sauti zikakauka. Mchana tulipanda juu ya dungu la miti katikati ya mpunga, na makombeo yetu, tukawafukuza ndege wadogo waliokuja kama moshi. Tulikula juu huko huko: wali wa mpunga mpya, kambare wa kukaushwa, na siku ya bahati, asali ndani ya maziwa kutoka kibuyu kilichofukizwa. Mtoto wa leo ukimwambia akae juani saa sita kulinda mpunga, atakuuliza kama kuna pa kuchaji simu.

Kulikuwa na sheria moja ambayo hatukuisoma shuleni. Mzinga hauachwi majini. Mto ukipanda, yeyote anayepita na mtumbwi akaona mzinga unakaribia kufikiwa na maji, lazima asimame, aukate kamba, aufikishe kwenye tawi la juu au mahali pakavu. Hata ukiwa wa mtu msiyesalimiana naye. Hata uumwe. "Ukiuona, ni wako," baba alikuwa akituambia, "mpaka uufikishe pakavu. Ukishafika, ni wa mwenyewe tena." Nilimwona kwa macho yangu akiokoa mzinga wa mtu aliyempeleka kwa chifu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alirudi jicho moja limefumba kwa uvimbe, na kesi ikaendelea kama kawaida.

Mwaka mmoja, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alikuja kijijini Mgiriama mmoja aitwaye Mzee Karisa, kutoka upande wa Malindi, ndani kabisa kusikokuwa na mto. Alikuja na mke, binti wawili, na mvulana wa rika langu aliyeitwa Kazungu. Baba na wazee wenzake walimpa kipande cha ukingo alime. Lakini kipande cha mgeni kilikuwa cha kuazima mpaka atimize jambo moja: atundike mzinga kwenye shamba lile, na asali yake ya kwanza awaletee wazee. Wakishaionja, shamba ni lake na la wanawe. Mzee Karisa alitundika mzinga, nyuki wakaingia haraka hata watu wakasema ana mkono mzuri. Kilichobaki kilikuwa kungoja mvua zipite.

Kazungu tulipatana siku ya kwanza na tukashindana siku ya pili. Alipofika hakujua kushika kafi. Nilimfundisha mimi, kwa majivuno mengi, nikimwita mtu wa nchi kavu. Baada ya miezi michache akanishinda. Tulishindana kutoka gatini hadi kwenye matete na kurudi, watoto wote wakiwa ukingoni, na mtumbwi wangu ukapinduka karibu kabisa na mwisho. Nilitoka majini na matope mpaka masikioni.

"Jamani, njooni mwone!" Kazungu alipiga kelele, akishika tumbo. "Mwana wa mto ameogopa maji! We Komora, kesho nitakufundisha kuoga!"

Wote walicheka. Dada yangu naye alicheka. Utani wenyewe ulikuwa wa kawaida, mimi nilimwambia makali kuliko hayo. Lakini niliubeba nyumbani, nikalala nao, nikaamka nao.

Siku nne baadaye mto ulianza kupanda. Asubuhi mama alinituma kwa mtumbwi nikang'oe mihogo iliyobaki kwenye shamba letu la mbali kabla haijaoza. Watu wazima walikuwa wakihamisha nafaka upande mwingine, na mkono wa mto wa kwenda huko niliupita peke yangu. Nilipokata kona nikaona mkuyu wa shamba la Mzee Karisa, na mzinga wake. Maji yalikuwa yamebakiza shubiri moja. Nyuki walikuwa wamejaa nje kwenye kifuniko, weusi, wakitetemeka, na mlio wao haukuwa wa hasira. Kama mtu anayeomba kwa sauti ya chini.

Nilishika tawi. Hilo nalikumbuka vizuri, nililishika kabisa. Kisu nilikuwa nacho. Kamba ilikuwa mbele ya uso wangu. Nikakumbuka kicheko cha ukingoni, nikajiambia: si anajua kuogelea, aje aokoe nyuki wake. Nikaachia tawi. Mkondo ulinichukua wenyewe, sikuhitaji hata kupiga kafi.

Niliporudi na mihogo nilijikatia njia juu ya mashamba yaliyofurika, nisipite pale.

Maji yaliposhuka, Mzee Karisa aliukuta mzinga umenasa kwenye matete, umejaa matope, masega yamekuwa uji mweusi. Aliubeba kichwani mpaka kwetu, ambako wazee walikuwa wamekutana juu ya mipaka iliyofutika. Akauweka chini taratibu kama anayeweka mtoto.

"Wazee wangu," alisema, "mimi sikuja kudai. Nauliza tu. Siku ile maji yalipopanda mimi nilikuwa ng'ambo nikivusha watoto. Hakuna aliyepita pale?"

Baba alitazama watu wote. "Nani alipita mkono ule na mtumbwi? Aseme. Kama hakuuona, si kosa."

Mzee mmoja akasema labda kamba ilikuwa mbovu. Mwingine akasema labda maji yaliufikia kabla mtu hajapita. Mzee Karisa akatikisa kichwa. Kamba ilikuwa bado imefungwa tawini, maji yaliuchomoa mzinga tu, alisema, na tope juu ya mti lilionyesha maji yalipanda polepole, kutwa nzima. "Nimeishi nanyi, nimejifunza desturi yenu. Mzinga wa adui hauachwi. Basi mzinga ukiachwa, mwenyewe ameambiwa neno ambalo watu wameona aibu kulisema."

"Hapana, Karisa," baba alisema. "Usilichukue hivyo."

"Nilichukueje, ndugu yangu?"

Jibu nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa nimekaa mlangoni, hatua kumi kutoka pale. Neno lilikuwa moja: ni mimi, nilikuwa na kinyongo na Kazungu. Ningelisema, baba angenichapa mpaka fimbo ivunjike, wazee wangempa Mzee Karisa mzinga mwingine pamoja na nyuki wake, na jioni mimi na Kazungu tungekula sahani moja. Mama alikuwa akipepeta mchele uani. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Yeye ndiye aliyenituma, na alijua kwamba anayekwenda kwenye mihogo hupita chini ya mkuyu ule. Alinitazama, kisha akaanza kupepeta tena.

Baadaye jikoni aliniambia bila kugeuka, "Nilikuzaa na mdomo, mwanangu. Umeuacha wapi?" Hakumwambia baba. Nadhani alingoja niseme mwenyewe, na nadhani aliendelea kungoja mpaka alipofariki.

Wazee walimwomba Mzee Karisa akae. Baba alimpelekea mpunga, akamwahidi mzinga wenye mistari miwili na nukta. Alishukuru kwa heshima na akakataa. Alisema chakula mtu anaweza kusaidiwa, lakini kukaa mahali unapodhani hutakiwi, hakuna wa kukusaidia. Wiki ile ile walipakia vyombo kwenye mtumbwi kwenda Garsen, wakapande lori la kurudi kwao. Kazungu alikaa nyuma ameshika kafi. Hakujua lolote. Mtumbwi ulipofika katikati alinipungia mkono, akaita, "Komora! Nikirudi tunashindana tena! Jizoeze!"

Wasomaji wa rika langu mtasema nilikuwa mtoto. Ndivyo nilivyojiambia pia. Lakini mtoto huyo alikua. Alisoma mpaka sekondari, akapata kazi ya ukarani, akafika Malindi mara zisizohesabika. Safari moja nilikaa kwenye benchi la hospitali pamoja na bwana mmoja aliyetoka sehemu zile za ndani walikorudi akina Karisa. Tulizungumza habari za mvua, za mahindi, za bei ya mbuzi. Ulimi ulifika kwenye jina la Kazungu ukarudi. Mimi huyo sikuwa mtoto tena, nilikuwa mwanamume mwenye ndevu na viatu vya ngozi.

Nayaandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Ninaishi naye Nairobi siku hizi, ghorofa ya sita, kwa ajili ya matibabu ya macho. Juu ya paa amejaza magunia ya udongo: sukuma wiki, vitunguu, nyanya, hata maboga yanayotambaa juu ya tangi la maji. Kwenye kona ameweka masanduku mawili ya nyuki, yamepakwa rangi ya buluu. Anavaa vazi jeupe lenye wavu kama anayekwenda mwezini, na kila akifungua sanduku hupiga picha kwanza. Nilimwambia sisi tulifungua mizinga tukiwa na kaptura na moshi wa mavi ya ng'ombe. Akasema, "Ndiyo maana babu zetu wote wana sura za kuvimba." Mtoto hana adabu, na anapika vizuri.

Mwezi uliopita nyuki wake mmoja alivuka hadi jengo la pili akamuuma mtoto kwenye kope. Mama wa mtoto akatuma ujumbe wa hasira kwenye kundi la simu la mtaa. Mjukuu wangu akajibu kwa vidole gumba viwili, amelala chali kwenye kochi, mguu mmoja ukutani. Nilitikisa kichwa. Nikasema moyoni, kizazi hiki, hata samahani wanaiandika, mdomo umebaki kazi ya kutafuna. Lakini alipomaliza kuandika aliinuka, akachukua chupa ya asali, akashuka ghorofa sita na kupanda nyingine nne, maana lifti yao mbovu. Nilimwona dirishani mwao akiongea, mikono kifuani. Adhana ya adhuhuri haijaisha, wote watatu walikuwa paani kwetu, mtoto jicho limefumba, analamba kidole, na mama yake anauliza maboga yanapandwaje.

Waliokosana saa nne wakapatana adhuhuri. Na hawana mto, hawana desturi ya mzinga, majirani wenyewe hawakujuana majina mpaka siku ile.

Sisi tulikuwa na vitu vizuri. Tulikuwa na mto uliotupa udongo mpya bila kuuomba, asali isiyopimwa, watu walioweza kuumwa jicho kwa ajili ya mali ya adui. Navikumbuka, na nikikaa na wazee wenzangu nasema kama wao kwamba dunia imeharibika. Kisha nakumbuka kwamba katika kijiji kile kizima, aliyeharibu kitu alikuwa mmoja.

Kazungu, kama ungali hai, au kama kuna mwanao wa kukusomea haya: mzinga wa baba yenu niliuona. Nilishika tawi, nikaliachia. Nilikuwa peke yangu. Kijiji hakikuwafukuza.