Maduara ya Mama Pindo

Mama Pindo hakuwa na kinyongo na mtu yeyote isipokuwa wifi yake. Na hata huyo, ukimuuliza, angekuapia kwamba anampenda. Si ndiye aliyemtafutia kaka yake mke huyo? Si ndiye aliyemleta kwenye karakana ya ushonaji, akamfundisha kutia uzi kwenye cherehani, akamfichia makosa mpaka akazoea? Na sasa mwanamke huyohuyo alikuwa amekaa pale mbele anachora maduara, na mwalimu ameinama juu ya karatasi yake kama hana wanafunzi wengine. Roho ilimuuma Mama Pindo mpaka akaing'ata penseli.

Mambo yalianza na wateja. Walikuwa wakieleza gauni kwa mikono hewani, wakija kulichukua wanakana kila walichosema. Mwenye karakana akachoka na ugomvi. Akatangaza kwamba anamtaka mtu mmoja, mmoja tu, aachane na cherehani, akae mezani mbele na daftari, amchoree mteja anachotaka kabla mkasi haujagusa kitambaa. Waliojitokeza ni hao mawifi wawili. Akaletwa mchora ramani mstaafu awanoe kwa wiki sita, kila siku baada ya chakula cha mchana. Mama Pindo, mwenye miaka kumi na tisa ya cherehani na mgongo usiomwacha alale, alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote.

Mazoezi yenyewe aliyaona ya kitoto. Nukta mbili, mstari kati yake, bila rula, ukurasa mzima. Kisha maduara, ukurasa mwingine mzima. Walichora nyumbani, na kesho yake mwalimu alipitia kazi kwa kalamu nyekundu.

Karatasi ya wifi ilirudi imejaa wekundu kila kona. "Tumia bega, si kiganja." "Usirudierudie mstari." "Hapa ulikuwa na haraka." Ya Mama Pindo ilirudi na neno moja pembeni: "Safi." Kichwa kikamvimba. Alimwonyesha mumewe, akawaonyesha mafundi wote, na karatasi akaiacha wazi pale ambapo wifi hawezi kupita bila kuiona.

"Wifi, unafanyaje wewe? Yangu yote viazi!"

"Ni mkono tu, wifi yangu. Wengine tumejaliwa."

Tumejaliwa! Alichojaliwa ni kifuniko cha kopo la vifungo. Alikizungushia penseli mara ishirini, na mistari akaipigia rula, na wala hakuona kwamba amemdanganya mtu. Fundi gani hukata shingo ya gauni kwa kukisia? Miaka yote hiyo amesifiwa kwa kupima, leo aambiwe kipimo ni wizi?

Lakini wiki ya tatu mistari ya wifi ikaanza kunyooka. Mwalimu akawa anavuta kiti na kukaa karibu naye, wanabishana, wanacheka. Mama Pindo alibaki na "Safi" yake. Akaanza kuuonea wivu ule wino mwekundu, akawa anaikodolea macho karatasi ya mwenzake kutafuta nini kimeandikwa na yeye hakuandikiwa. Siku moja uzalendo ukamshinda.

"Mwalimu, mbona mimi huniambii kitu? Au mimi si mwanafunzi wako?"

Mzee akavua miwani. "Mama, nikuambie nini? Maduara ishirini, yote mapacha. Kifuniko hakina makosa, na mimi siwezi kukifundisha. Niliona aibu kumuumbua mtu mzima, nikasema utakiacha mwenyewe."

Angekiacha siku ile ingekuwa heri. Hakukiacha. Alinuna, akajiambia mzee kahongwa kicheko, akaendelea na kopo lake. Siku ya uchaguzi mwenye karakana alimleta mteja wa kweli, akawapa penseli tupu wachore mbele yake. Gauni la wifi lilikuwa gauni. La Mama Pindo lilikuwa gunia lenye mikono. Wifi akapewa kiti, na Mama Pindo akapiga vigelegele kuliko wote, huku maini yakimkatika.

Wiki nzima alimtazama akiwa amekaa pale mbele, mgongo ameegemeza. Mwalimu alikwisha lipwa, akaenda zake. Kiti kimekwenda, hilo alilijua. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima raha, nalo ni kutojua kama mkono wake mwenyewe ungekipata. Na wa kumwambia alikuwa mmoja tu. Mchana mmoja mafundi walipotoka kula, alijikaza, akabeba stuli hadi meza ya mbele.

"Wifi, nitachora hapa hapa. Bila kopo. Halafu uniambie kweli, usinionee haya."

Akachora maduara ishirini. Wifi akaivuta karatasi, akaweka kidole.

"Haya sita ya mwanzo ni mazuri, wifi. Mimi sikuanza hivi. Kama ungechora hivi toka siku ya kwanza, leo ningekuwa kwenye cherehani." Kidole kikasogea. "Ila kuanzia hapa yanapinda, yote upande mmoja."

"Mkono ulichoka."

"Haukuchoka. Hapa ndipo ulipoacha kutazama karatasi, ukawa unanitazama mimi."