Mama Moyo achora njia ya mionzi

Saa mbili asubuhi. Katika chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya chini ya hospitali, mwanamke wa makamo anasogeza kipanya taratibu, kama anayemkata mtoto mchanga kucha. Kwenye skrini ni kifua cha mgonjwa, picha juu ya picha.

Wenzake humwita Mama Moyo. Kazi yake ni kuchora mipaka: uvimbe ulipo, mapafu yalipo na, zaidi ya yote, moyo, chumba kwa chumba, mshipa kwa mshipa, ili madaktari wajue mionzi ya kutibu saratani ipige wapi na iepuke wapi.

"Saratani ni mwizi aliyejificha ndani ya nyumba," anasema. "Ukimfukuza kwa kuichoma nyumba, umemsaidia nani?"

Zamani moyo ulizungushiwa mstari mmoja tu, basi. Shangazi yake, aliyemlea, alitibiwa hivyo saratani ya titi la kushoto. Akapona, vigelegele vikapigwa. Miaka ikapita, mama wa watu akaanza kutweta kwa kupanda ngazi tu. Moyo ulikuwa umedhoofika, na madaktari walisema huenda mionzi ilichangia.

"Sikumlaumu mtu. Walifanya walichokijua. Lakini nikaapa, wagonjwa wangu nitawachora mpaka mshipa wa mwisho."

Mgonjwa wa leo ni fundi cherehani, naye ana saratani ya titi la kushoto. Mama Moyo anaufuata mshipa mwembamba unaoteremka mbele ya moyo. Unampotea kwenye kivuli. Anafuta, anaanza upya. Mwishowe anaguna. Mionzi itaupitia mlemle. Anamwita daktari.

"Avute pumzi ndefu, aishikilie," daktari anasema. "Kifua kikijaa, moyo utasogea mbali kidogo."

"Juzi alijaribu, akashindwa."

"Kajaribu naye wewe. Mimi ananiogopa."

Fundi ameketi ukingoni mwa kitanda cha mashine.

"Dada, nikiambiwa nisipumue naona kama ndiyo nakata roho."

"Ukitunga uzi kwenye sindano, unapumua?"

Fundi anafikiri, kisha anacheka. "Hata! Ukipumua, uzi unakimbia."

"Haya, tunga uzi."

Mara ya kwanza anakohoa. Ya pili kicheko kinamponyoka. Ya tatu anafumba macho, kifua kinajaa, kinatulia tuli. Picha mpya zinapigwa, na Mama Moyo anarudi kwenye kiti chake kuchora tena kuanzia mwanzo.

Alasiri, mpango mpya unaonyesha mionzi ikipita kando ya mshipa. Daktari anautazama kwa muda mrefu, kisha anatia saini.

Siku hizi kompyuta nayo inajua kuchora moyo. Mama Moyo haioni kuwa mke mwenza. "Inanisaidia, lakini nayo huteleza. Lazima jicho la mtu lipite."

Mwakani anakusudia kuzunguka hospitali nyingine, kuwafundisha wenzake ambao bado wanauchora moyo kama duara moja.

"Kupona peke yake hakunitoshi," anasema, akifungua picha za mgonjwa anayefuata. "Nataka apone, halafu azeeke, awachoshe wajukuu kwa kuwatumatuma."